UZIMA WA MWILI: Namba ya Mizani na Maana Yake



Siku hizi katika sharika nyingi za mteremkoni imekuwa desturi, ibada ikiisha, wauguzi kuweka mizani uwanjani na kuwapima watu. Mtu asimama juu ya mizani, kisha asimama penye ubao wa kimo, muuguzi apiga hesabu, naye apewa kijikaratasi chenye namba moja. Wengine waenda nacho nyumbani wakicheka, na wengine wakificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mwalimu mmoja atuandikia kwamba mkewe amepewa 32 na kuambiwa kuwa ni mnene kupita kiasi, na yeye mwenyewe amepewa 21, akaambiwa yu salama. Tangu siku ile, asema, mama hataki kula pamoja na wengine, naye mwalimu amekuwa akimhubiria habari za ulafi. Auliza kama afanya vema.

La, hafanyi vema. Lakini kabla ya kumjibu yeye, yafaa tuitazame ile namba, kwa maana watu wengi wameipokea kama amri iliyoshuka mlimani, wala hawajui ilitoka wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Twaa kimo chako kwa meta, ukizidishe kwa chenyewe. Kisha zigawanye kilo za mwili wako kwa jibu lile. Mke wa mwalimu ana kimo cha meta 1.56 na uzito wa kilo 78. Basi 1.56 mara 1.56 ni 2.43, na 78 ukiigawanya kwa 2.43 wapata 32. Wauguzi huitaja kwa herufi tatu, BMI. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka yake kwa watu wazima: chini ya 18.5 mtu amepungukiwa na uzito, tangu 18.5 hata karibu na 25 ni kadiri. Tangu 25 uzito umezidi. Na kuanzia 30 ni unene ambao waganga wetu huuita kiribatumbo. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Jina lataja tumbo, lakini hesabu haikuligusa tumbo kabisa.

Aliyeigundua hakuwa mganga. Alikuwa Mbelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet, mzaliwa wa mji wa Ghent mwaka 1796, mtu wa elimu ya nyota na hesabu. Katika miaka ya 1830 alikusanya vipimo vya watu wengi akitaka kujua mtu wa wastani yukoje, kama vile alivyozoea kutafuta wastani wa mienendo ya nyota. Akaona ya kuwa katika watu wazima uzito huongezeka karibu sawa na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Hakutafuta wagonjwa, wala hakusema kwamba mwenye namba fulani atakufa mapema. Hata mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoilinganisha hesabu hii na nyingine, na kuipa jina ililo nalo sasa, walisema tu kwamba si mbaya kuliko hizo nyingine, nayo ni rahisi. Tena watu waliopimwa katika kazi ile walikuwa wanaume watupu. Baadaye wanawake wengi sana walichunguzwa, na namba ikaonekana yawafaa kwa kadiri. Walakini ni vizuri akina mama wajue kwamba mwanzoni hawakuhesabiwa.

Sasa tuone upungufu wake. Tuwafikirie wanaume wawili, kila mmoja ana kimo cha meta 1.68 na uzito wa kilo 76. Wa kwanza ni mpagazi wa Marangu, apandaye mlima na mzigo wa kilo 20 begani, miguu yake imekaza kama mti wa mruka. Wa pili ni karani katika mji wa Moshi, aketiye tangu asubuhi hata jioni, arudiye nyumbani kwa gari, na mkanda wake umeongezwa tundu mara mbili. Piga hesabu: wote wawili wapata 27, na kijikaratasi chawaambia wote kwamba uzito wao umezidi. Mizani haijui kutofautisha musuli na mafuta, wala mfupa na maji. Ni kama mtu apimaye gunia asilolifungua. Ajua uzito wake, asijue kama ndani mna kahawa au mawe.

Hata mafuta yenyewe si ya namna moja. Yaliyo chini ya ngozi, mapajani na makalioni, madhara yake ni machache. Yaliyo ndani ya tumbo, yakizunguka matumbo na kuingia katika ini, ndiyo hasa yanayoleta kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Na mipaka ile ya 25 na 30 iliwekwa zaidi kwa vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikiri kwamba watu wengi wa Asia huingia hatarini mapema zaidi, wakataja 23 na 27.5 kuwa namba za kuwaangalia. Ikiwa mipaka husogea baharini kwa bahari, hatuna budi kuishika kwa mkono mwepesi na huku mlimani.

Msomaji asiseme, "Basi, namba ni upuzi, nitakula nipendavyo." Twalijua neno hili, maana kwetu unene una heshima ya kale. Mzazi hulishwa mtori na nyama katika miezi ile ya kukaa ndani, naye akitoka amenawiri, watu husema nyumba yake imemtunza. Hata katika habari za Danieli na wenzake kule Babeli, baada ya siku 10 za mboga na maji, dalili iliyoonyesha kwamba wana siha ni kuwa walinenepa kuliko vijana wengine. Hapo zamani kazi ilikuwa nyingi na chakula kilipimwa, kwa hiyo mnene alikuwa mtu aliyeshiba, na aliyeshiba alikuwa mzima. Kisha tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Tanzania, huko Kagera, wembamba wa ghafula umekuwa jambo la kunong'onezwa. Tunawajua akina mama waliopunguza kilo 10 kwa shauri la mganga, wakarudia unene wao kwa sababu ya maneno ya majirani. Maneno ya namna hii ni dhambi kubwa kuliko mlo wa pili, nasi twawasihi waalimu wayakemee. Tena hayana hata maana tena, kwa kuwa mwenye virusi atumiaye dawa vema aweza kuwa mnene na mwenye nguvu kama mtu mwingine yeyote.

Lakini maisha yamegeuka, na heshima ya unene haikugeuka pamoja nayo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 uliwalinganisha watu wa kijiji cha Shari, hapa mkoani Kilimanjaro, na watu wa Ilala katika Dar es Salaam. Ilala, wanaume karibu 6 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na wanawake vivyo hivyo. Shari, wanaume hawakufika 2, na wanawake walikuwa karibu 1. Damu ni zile zile za Waafrika wa nchi moja. Tofauti ilionekana katika unene, na katika kutembea na kufanya kazi. Wenyeji wa Shari walilima kihamba, wakashuka tambarare kwa miguu na kupanda tena na mizigo ya majani ya ng'ombe. Sasa bodaboda zinafika hata juu kwenye vijiji vya mwisho, soda imeingia katika kila karamu ya kipaimara, na chapati na mafuta vimekuwa chakula cha siku zote. Kuhusu mbege hatuna haja ya kusema; mwenye masikio amekwisha kusikia. Kwa hiyo namba inayopanda mwaka hata mwaka ni habari ya kweli, hasa ikipanda katika mtu yule yule.

Basi tufanyeje? Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kwa utaratibu, usijibane tumbo, ukaizungushe kamba katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi wala si juu ya vitenge. Kiuno kisifikie nusu ya kimo chako. Mke wa mwalimu, mwenye sentimeta 156, atazame kama amefikia 78. Yule mpagazi wetu na yule karani, nusu ya kimo chao ni 84, na hapo kamba itawatenga mara moja. Mwezi Januari 2025 jopo la wataalamu wa nchi nyingi, lililoitishwa na gazeti la kitabibu The Lancet la Uingereza, lilishauri jambo linalofanana na hili: mtu asihesabiwe mgonjwa kwa namba ya BMI peke yake, bali kiuno kipimwe, na itazamwe kama viungo vyake vimeanza kudhurika.

Wako na watu ambao hesabu hii haiwafai hata kidogo. Mwenye mimba asihesabiwe kwayo, wala mzazi aliye bado katika mtori wake, amwachie mkunga. Watoto wana kadi yao ya kliniki yenye mistari kwa umri, nao wasipimwe kwa mipaka ya wakubwa. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba uso na miguu kwa maji, na mizani yaweza kumsifu huku anaangamia. Bibi aliyepindika mgongo amepoteza kimo, hivyo namba yake hupanda bila kuongeza hata ratili moja.

Sasa mwalimu. Ana kimo cha meta 1.70 na kilo 61, na baba yake, kama alivyotuandikia, alikufa kwa kisukari. Namba 21 haikumwuliza habari za baba yake. Watu wembamba hupata kisukari pia. Na mwezi Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliikubali rasmi aina ya tano ya ugonjwa huo, iwapatayo watu wembamba waliokosa chakula cha kutosha katika utoto wao. Twamshauri avae viatu vyake asubuhi ya siku ya kazi, afuatane na mama mpaka hospitali iliyo karibu nao, wote wawili wapimwe sukari kabla ya kula, na shinikizo la damu siku ile ile. Ikiwa vya mama ni vizuri, na kiuno chake hakikuzidi mno, basi ana kazi ya polepole mbele yake: soda aiache, mafuta ayapunguze, ndizi na maharage na mboga ale ashibe, na sokoni aende kwa miguu. Asijifungie njaa, kwa maana kilo zinazoondoka kwa njaa hurudi upesi. Ikiwa vyake mama vimezidi, mganga atamwongoza, na mapema ndiyo dawa nusu.

Na jioni ya siku hiyo mwalimu aketi mezani kwanza, amngojee mkewe.