Mesaji bado ina kazi

Siku hizi habari za jamaa zinapita kwenye WhatsApp: picha za watoto, sauti za shangazi, mchango wa kilio. Ni vizuri. Lakini WhatsApp inaomba simu kubwa, mega na umeme. Mama wa kijijini mwenye simu ndogo hapati kitu. Juma lililopita mwenzetu mmoja alifika kilioni wakati watu wanatoka makaburini, sababu tangazo liliwekwa katika grupu peke yake.

Mesaji ya herufi 160 inaingia katika kila simu, hata bila intaneti. Basi tupatane: kukiwa ugonjwa ao kifo, tutume mesaji pia. Andika nani, wapi, saa ngapi. Inatosha.