Daftari la wiki: Hodi kwanza, Haida Gwaii

Meli yetu ni ndogo, ya matanga, na abiria wote tunaenea kwenye meza moja. Imetia nanga mbele ya SGang Gwaay, kijiji cha kale cha Wahaida, karibu na ncha ya kusini ya visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya Pasifiki ya Kanada. Nahodha anachukua redio ya upepo, anawaita walinzi kwenye chaneli ya 6, anataja jina la chombo na idadi ya watu, kisha anangoja. Kuna kundi jingine nchi kavu, na kijijini hawaruhusiwi zaidi ya wageni 12 kwa wakati mmoja. Basi tunakaa sitahani, tumevaa makoti na mabuti ya mpira, mvua inatunyeshea, mpaka wenyewe watuite. Ni hodi kamili, na mwenye nyumba ana haki ya kukawia kuitikia.

Vipeperushi vya safari hizi husifu vitanda, supu ya samaki na nyangumi. Mimi nausifu utaratibu huu. Walinzi ni Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa hivi. Mwaka 1981 baadhi yao walijitolea kwenda kukaa kwenye vijiji vya wazee wao ili kuvilinda dhidi ya waharibifu na wezi, na hawakungoja serikali iwatume. Leo wanakaa huko msimu wote wa kiangazi, na wao ndio wanaomtembeza mgeni na kumsimulia. Chombo cha abiria elfu tatu hakiwezi kuingia katika mpango wa watu 12, na nadhani ni heri.

*

Njia ya kijijini imepangwa makombe meupe pande zote mbili. Usivuke makombe. Ukifuata njia unatokea penye nguzo za mierezi zilizochongwa dubu, kunguru na nyangumi, mbao zake zimekuwa za kijivu, nyingine zimeinama, nyingine zimeota kuvu na miche. Nyingi ni za maziko. Juu kabisa paliwekwa sanduku lenye mwili wa mtu wa heshima. Ndui ya mwaka 1862 na magonjwa yaliyofuata yaliua Wahaida wengi kiasi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 walibaki chini ya 600, wamekusanyika katika vijiji viwili, Skidegate na Masset.

Mwaka 1957 nguzo 11 ziling'olewa hapa zikapelekwa makumbusho. Zilizobaki hazikusudiwi kudumishwa milele. Wahaida wanasema nguzo ilitoka ardhini na itarudi ardhini. UNESCO iliiandika SGang Gwaay kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, na bado nguzo zinaachwa zirudi ardhini.

Msomaji wa Kilifi, pwani ya Kenya, hahitaji kufafanuliwa hili. Vigango vya Wamijikenda, vinavyosimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, navyo havipaswi kuondolewa vilipo hadi viishe vyenyewe. Viliibwa kwa mamia, vikauzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vigango 37 Kenya. Wahaida wao wamezunguka makumbusho kwa miaka mingi wakidai mifupa ya wazee wao, na mwaka 2003 walirudi kutoka Chicago na mabaki ya watu 160, wakawazika nyumbani. Natamani wazee wa kaya za Wamijikenda na wazee wa Skidegate wakae kikao kimoja.

*

Usiku mapazia ya madirisha ya meli yanashushwa. Mwanga huwapoteza ndege wa baharini, na karibu nusu ya ndege wote wa duniani wa jamii moja ndogo, nyeusi na nyeupe, ambayo Wahaida huiita SGin Xaana, huzaliana visiwani humu, ndani ya mashimo chini ya mizizi. Kifaranga akitimiza siku mbili hivi tangu kuanguliwa, wazazi humwita kutoka majini gizani, naye hutoka shimoni mbio, anapita kwenye majani na magogo, anajitupa baharini. Hajalishwa hata mara moja.

Aliyewapunguza sana ni panya, na panya alikuja na meli. Baadhi ya visiwa vilibaki bila sauti ya ndege hao mpaka Wahaida na idara ya hifadhi ya Kanada walipoanza kuwaangamiza panya kwa sumu. Nimeanza kuwaheshimu mabaharia wanaokagua kila kreti ya mboga kabla haijapanda chomboni.

*

Nyangumi wa nundu tumewaona wakipumua asubuhi. Wa aina hiyo hiyo, wa kundi jingine, hupita Watamu na Zanzibar kuanzia Julai hivi.

*

Misitu yote ya huku ingeweza kuwa visiki. Mwaka 1985 Wahaida walifunga barabara ya wakata magogo katika kisiwa cha Lyell. Wazee ndio waliotangulia kukamatwa, wamevaa mavazi yao ya heshima, na hatimaye waliokamatwa walifika 72. Mkataba wa 1993 ukaweka usimamizi wa Gwaii Haanas, hifadhi ya kusini mwa visiwa hivi, mikononi mwa Wahaida na serikali kwa pamoja. Mwaka 2013 ilisimikwa nguzo mpya pale pale Lyell, ikiwa na watu watano waliosimama pamoja kuwakumbuka wale waliofunga barabara. Na korona ilipoingia mwaka 2020, Wahaida walifunga visiwa kwa wageni. Watu wanaoikumbuka ndui hawakuhitaji kubembelezwa.

*

Fisimaji wa baharini, waliomalizwa na biashara ya ngozi, wameanza kurudi. Watalii tunafurahi. Lakini fisimaji hula abaloni, konokono wa baharini ambaye Wahaida walimla tangu zamani, na ambaye kuvunwa kwake kumepigwa marufuku tangu 1990 kwa kuwa amepungua mno. Wahaida sasa wanakaa na wataalamu kupanga jinsi watu na mnyama huyo watakavyoishi kwenye mwamba mmoja, na ni maeneo gani ya chakula yatahitaji kulindwa. Neno la mwisho naona ni la wale wanaokula kutoka bahari hii, si la sisi wenye darubini.