Kitabu cha Maua Hakistahili Wembe

Katika soko la vitabu vya kale huko Ulaya na Marekani kuna biashara ya kununua kitabu kizima cha picha za maua, kukichana kwa wembe, kisha kuuza ukurasa mmoja mmoja ndani ya fremu. Hesabu yake ni rahisi. Les Liliacées, kazi ya mchoraji Pierre-Joseph Redouté iliyotoka Paris kati ya 1802 na 1816, ina juzuu 8 na picha 486. Wenye uwezo wa kununua juzuu zote ni wachache; wanaotaka picha moja ya sebuleni ni wengi. Lakini biashara hiyo inaharibu kumbukumbu, na mkusanyaji anayenunua kurasa hizo ndiye anayeilisha.

Vitabu hivi vilikuwa kazi za elimu kabla ya kuwa mapambo. Chukua jarida la Curtis's Botanical Magazine, lililoanza London mwaka 1787 na kuendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi 1948. Kila picha iliandamana na maelezo ya mmea na asili yake. Mwaka 1895 lilichora Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipata Usambara. Ing'oe picha hiyo uitenge na maelezo yake: ua litabaki na uzuri wake wote, ila Usambara haimo tena.

Watetezi wa biashara hiyo husema kurasa zilizokatwa humfikia mtu wa kipato cha kawaida. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Leo maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library inatoa bure nakala za vitabu vingi vya aina hii. Anayetaka pambo achapishe. Wengine watauliza, kama nakala zipo, kitabu chenyewe cha nini? Ni kwa sababu skani haioneshi kila kitu: alama ya bamba la shaba iliyodidimia kwenye karatasi, miguso ya brashi juu ya rangi iliyochapwa, mshono wa jalada. Kitabu kilichokwisha kuozeshwa na maji ni suala jingine. Kuokoa kurasa zake chache si kosa. Kwa hiyo, kabla hujalipia ukurasa wa kale, muulize muuzaji umetoka kitabu gani na nani alikikata. Akikosa jibu, mrudishie ukurasa wake.