Mpaka wa Loliondo Unataka Mlango

Uhusiano wa Tanzania na Kenya hupimwa mara nyingi kwa mambo makubwa: ziara za Marais, mikutano ya Mawaziri mjini Arusha, na misururu ya malori pale Namanga. Vipimo hivyo si vibaya, lakini havitoshi. Kipo kipimo kingine, nacho ni hali ya mwananchi wa kawaida anayeishi mahali pale pale nchi mbili zinapokutana. Leo tunawaomba wasomaji wetu watazame nasi upande wa Enguserosambu, katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, ambako Mkoa wa Arusha unapakana na Narok ya Kenya.

Mpaka tunaouzungumzia haukuwekwa na Mwafrika yeyote. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi wakiwa huko huko Ulaya, na mwaka 1890 wakaukamilisha mgawo wao. Walichukua rula, wakapiga mstari kutoka pwani, karibu na mdomo wa Mto Umba, hadi Ziwa Viktoria. Waliupinda pale Kilimanjaro ili mlima ubaki kwa Wajerumani. Hawakuupinda kwa ajili ya Wamasai wa Loita, wala Wakuria wa Mara, wala Wadigo wa pwani. Jamii hizo zilikatwa vipande viwili kama kitambaa cha fundi, na kila kipande kikaambiwa kuwa sasa kina bwana wake.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mpaka ufutwe. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwaka 1964 waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika kuupigania uamuzi huo. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani bara letu lingeingia katika vita visivyokwisha kama kila nchi ingeanza kudai mlima huu na mto ule. Lakini kuheshimu mpaka ni jambo moja, na kuugeuza mpaka kuwa ukuta ni jambo jingine.

Watu wa Enguserosambu wana ndugu, wakwe, na marika wao ng'ambo. Wamasai wa Loita wako pande zote mbili. Lugha yao ni moja, mila zao ni zile zile, na msiba wa upande mmoja huliliwa upande wa pili. Biashara nayo imefuata undugu. Kwa miaka mingi ng'ombe wa Loliondo wameuzwa Kenya, na bidhaa za dukani zimepita njia ile ile kurudi. Hali hiyo haikuanzishwa na serikali yoyote, wala hakuna serikali iliyofaulu kuikomesha.

Tunalo funzo la karibu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo yote magari ya watalii yalikoma kupita pale Bologonja, baina ya Serengeti na Maasai Mara, na njia hiyo haikurudishiwa tena kazi yake ya zamani. Lakini mifugo na watu waliendelea kupita porini usiku. Hasara ilikuwa kwamba biashara iliyokuwa ya mchana ikawa magendo, ushuru ukapotea, na mfanyabiashara mwaminifu akalazimishwa kutembea njia moja na mwizi. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Wananchi wa mpakani walilima miaka saba, na waliokuwa wakivuna ni walanguzi.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Upo pia utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, ambao kwa huo bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, hupita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Haya yote ni mema, na tunayasifu.

Swali letu ni hili: mfugaji wa Enguserosambu atakipata wapi cheti hicho? Vituo vya pamoja vya forodha vimejengwa Horohoro, Holili, Namanga na Sirari. Baina ya Namanga na Sirari hakuna hata kimoja. Mtu mwenye fahali wawili wa kuuza, ambaye soko la jirani yake liko ng'ambo kwa mwendo wa miguu, anaambiwa azunguke mamia ya kilomita ili awe raia mwema. Sheria inayomtaka mtu afanye lisilowezekana haimfanyi kuwa mwema, inamfundisha kujificha. Na akiisha kujificha, Serikali hupoteza mambo matatu kwa pamoja: ushuru wake, takwimu zake, na imani ya mwananchi wake.

Liko jambo la nne, nalo ni afya ya mifugo. Ugonjwa hauombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyokuwa imekwisha kuingia Kenya, ilithibitishwa rasmi Tanzania mwaka 2008, na wilaya iliyoonekana kwanza kuwa nayo ni hii hii ya Ngorongoro. Kwa upande mwingine, sotoka ya ng'ombe, iliyowafukarisha Wamasai katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani kote. Ilishindwa kwa sababu mataifa yalikubali kuchanja na kupeleleza ugonjwa kwa pamoja. Kama nchi moja ingechanja na jirani yake akalala, sotoka ingekuwa nasi hadi leo. Mnyama anayepita porini usiku hapimwi wala hachanjwi. Anayepita penye mlango huonwa na daktari.

Hatuwezi kuyazungumza haya bila kuyataja makosa ya pande zote mbili. Mwezi Oktoba 2017 wakuu wa Tanzania walikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, wakawapiga mnada. Na pale Namanga vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwezi Machi 2021 ilikuwa zamu ya Kenya: ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza amri yake na kuweka masharti. Kila serikali ilikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za haki. Kulinda afya ya watu na mifugo ni wajibu wa kila serikali. Lakini amri ya ghafula humwangukia yule asiyekuwa na habari. Mwenye mabehewa ya mahindi ana mwanasheria. Mchungaji ana fimbo tu.

Wala hatuwezi kunyamaza juu ya mwaka 2022. Mwezi Juni mwaka huo, vigingi vilipowekwa kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, yalitokea mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa na wananchi kadhaa wakajeruhiwa. Baadhi ya wakazi walivuka kwenda Narok kutafuta matibabu na hifadhi. Mgogoro wa ardhi ile ulifikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, nasi hatukusudii kuuhukumu hapa. Tunalotaka kulisema ni kwamba siku ya taabu wananchi hao walielekea kule waliko ndugu zao. Hilo halikuwafanya kuwa wageni katika Tanzania. Ni hatari kubwa kwa mtu wa mpakani kuulizwa uraia wake kila anapodai haki yake, kana kwamba kuwa na shangazi Narok ni kosa.

Undugu huo una upande mwingine unaowahusu hata wasiofuga. Mto Mara huanzia msitu wa Mau huko Kenya, hunywesha Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Ewaso Ng'iro ya kusini huanzia Mau pia na kumwaga maji yake katika Ziwa Natron, ambako heroe wadogo huzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Nyumbu wengi mno huvuka mpaka kila mwaka bila pasipoti, na nchi zote mbili hupata fedha za kigeni kutokana na safari yao. Tumekubali kwamba nyumbu hawawezi kuishi upande mmoja tu. Je, ni vigumu kiasi gani kukubali kwamba ng'ombe, katika mwaka wa ukame, yumo katika hali ile ile?

Jambo hili linawezekana. Mwezi Septemba 2019, pale Moroto, Kenya na Uganda zilitia sahihi makubaliano juu ya amani na maendeleo ya wafugaji wa mpakani, Waturkana, Wapokoti na Wakaramoja, ambao walikuwa wameuana kwa miaka mingi kwa ajili ya mifugo. Kama majirani wenye bunduki wameweza kukaa mezani, sisi tusiokuwa na vita tunashindwa na nini?

Kwa hiyo tunatoa ushauri ufuatao. Kwanza, serikali zote mbili zifungue kituo cha pamoja katika Tarafa ya Loliondo, hata kama kitaanza na majengo madogo, mradi kiwe na mtu wa forodha, mtu wa uhamiaji na daktari wa mifugo. Pili, chanjo zitolewe kwa ratiba moja pande zote mbili. Tatu, wakuu wa Ngorongoro na wa Narok, pamoja na wazee wa mila, wakutane kwa nyakati zinazojulikana, wapatane juu ya malisho ya wakati wa ukame kabla ukame haujafika, na wafuatilie mifugo iliyoibwa. Nne, amri yoyote mpya itangazwe mapema katika minada na mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa Kimasai.

Wafugaji nao wana wajibu wao. Mlango ukifunguliwa, aupite kila mtu. Asiwepo wa kuficha mnyama mgonjwa, wa kumhifadhi mwizi au jangili kwa sababu ni wa rika lake, wala wa kukata miti ya msitu wa Enguserosambu, ambao ndio mama wa chemchemi, ili akauze mbao ng'ambo. Undugu usiwe kichaka cha wahalifu.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako katika mkoa huu huu wetu wa Arusha. Itakuwa aibu kwetu ikiwa umoja unaohubiriwa mjini hautafika Loliondo, iliyo katika mkoa huo huo. Tunazisihi serikali za Dodoma na Nairobi zianze na jambo hili dogo. Mwananchi wa Enguserosambu hahitaji hotuba nyingine juu ya umoja, maana umoja anao tangu kwa babu zake. Anachohitaji ni mlango wa halali wa kupitia mchana, na ng'ombe wake mbele yake.