Koleji za Weusi Marekani Zinapika, Wengine Wanapakua

Msee, unakumbuka dhahabu ya Kenya pale Munich 1972, mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne? Kama hukuwa umezaliwa, muulize guka. Wawili kati ya wale wanne, Julius Sang na Robert Ouko, walikuwa wanasoma North Carolina Central, koleji ya watu weusi Marekani. Kocha wao hapo, LeRoy Walker, ndiye Wamarekani walimpatia timu yao ya riadha kwenye Olimpiki za 1976.

Kwa hivyo hii story ya HBCU, koleji zilizoanzishwa kusomesha weusi, inatuhusu kiasi. Ziko karibu 100, na nyingi zilikuja baada ya utumwa kuisha, ju vyuo vya wazungu vilikuwa vimewafungia mlango. Enzi hizo, wakali wengi weusi walipitia kwao. Tennessee State ilimtoa Wilma Rudolph, dhahabu tatu Roma 1960. Pale Grambling, kocha Eddie Robinson alishinda mechi 408 za futiboli ya Marekani, ile ya helmeti. Kijana wake Doug Williams ndiye kwotabeki wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, 1988.

Kisha mlango ukafunguliwa. Poa sana, hakuna mtu anataka ubaguzi urudi. Lakini vyuo vikubwa vilipoanza kuchukua wachezaji weusi, koleji zao ziliachwa na viwanja vya zamani na mifuko mitupu.

Si umeskia ya Deion Sanders? 2020 alienda kufunza Jackson State, Mississippi. Desemba 2021 Travis Hunter, kijana ambaye kila chuo kilikuwa kinamtaka, akawaacha Florida State kwenye mataa akamfuata. Watu wakasema sasa mambo imebadilika. Mwaka mmoja baadaye Deion akahamia Colorado, Hunter nyuma yake. 2024 Hunter akabeba Heisman, ile tuzo kubwa kabisa ya wachezaji wa koleji, akiwa na jezi ya Colorado.

Halafu kuna Morgan Price wa Fisk, chuo cha kwanza cha weusi kuwa na timu ya jimnastiki. 2025 alipata 10 kamili, ya kwanza kwa msichana wa HBCU. Mwaka huo huo akahamia Arkansas. Fisk nayo ikatangaza kuwa timu yenyewe inafungwa baada ya msimu wa 2026.

Usikimbilie kuwaita wasaliti. Mimi niliacha koleji ju ya fee, so sitakwambia eti mtu akatae doo ndio historia ifurahi. Wewe mwenyewe ungekataa?

Shida ni hesabu. Tangu 2021 wachezaji wa koleji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina lao. Tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, na mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kila chuo. HBCU itatoa wapi hiyo? 2023 serikali ya Marekani yenyewe ilisema majimbo 16 yalinyima vyuo hivi zaidi ya dola bilioni 12 kwa miaka 30 hivi. Ndio maana vingine vinakubali kwenda kuchapwa na vigogo ndio vilipwe. 2012 Savannah State walipigwa 84-0 na Oklahoma State, wiki iliyofuata 55-0 na Florida State. Pesa ilipatikana, lakini mwili ulioumia ni wa mchezaji.

Sasa wapi kuna mwanya? Kwa mashabiki. Enda uone Bayou Classic kule New Orleans, Grambling na Southern. Mapumziko yakifika hakuna mtu anatoka kununua soda, ju bendi ndiyo inaingia. Hiyo vaibu huwezi kuinunua wala kuihamisha kama mchezaji. Kuna Celebration Bowl pia, Atlanta tangu 2015, na Desemba 2024 Jackson State waliichukua bila Deion. Norfolk State sasa wamemleta Michael Vick, Delaware State wakamleta DeSean Jackson. Sawa, kamera zitakuja. Lakini staa akihama, kamera zinapanda gari lake. Vyuo vishike tiketi zao, bendi zao, haki za TV, na vidai ile deni ya majimbo mpaka ilipwe.

Na wewe unayekimbia huko Iten ama Nyahururu ukingoja skolashipu ya Marekani, iwe HBCU ama chuo kingine, uliza kabla uweke sahihi: hii ni ya mwaka mmoja ama minne? Kocha akihama, inakuwaje? Timu ikifungwa, nitaendelea kusoma? Wakishindwa kujibu, usiwasaidie kujibu.