Shavu langu la kushoto

Baada ya kipindi kile cha mambo ya urembo mmetuletea maswali mengi, na zaidi ya nusu yanauliza kitu kimoja: "Nipake nini?" Ngozi inakauka, inapauka, mikunjo imeanza na mtu hata arubaini hajafika. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana jawabu langu refu kidogo, na wengine halitawafurahisha.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Al Khoudh. Nimekaa na kina mama, halwa imepita, kahawa imepita, mama mmoja wa makamo, mtu wa kwetu Unguja, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Mwanangu, mbona umekunjamana hivi? Hii hewa ya Oman hii, inakausha!" Nikacheka, nikamwambia ndiyo mama, hewa. Nilipofika nyumbani Sib nikasimama mbele ya kioo, taa zote nimewasha. Nina miaka 37. Mikunjo ipo kweli, lakini haikuwa sawasawa. Upande wa kushoto, kuanzia pembe ya jicho kushuka shavuni, mistari mitatu minne imeshajichora. Upande wa kulia kidogo tu.

Sasa hewa gani hii inayochagua shavu?

Jawabu nililipata barabarani. Mie nimefanya kazi Ruwi miaka 13. Asubuhi natoka Sib kwenda mashariki, saa nane na nusu mchana narudi magharibi, na safari nzima ya kurudi jua liko kushoto kwangu, linaingia kwenye kioo cha mlango. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi ile inayozeesha ngozi. Vioo vya ubavuni vingi havizuii hivyo. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori wa Kimarekani, mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo miaka 28. Nusu ya uso wake iliyokuwa upande wa dirisha imekunjamana na kuning'inia, nusu nyengine ni ya mtu wa kawaida. Uso mmoja, watu wawili. Nilipoiona nikajishika shavu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tuache kusingizia hewa, na tuache kutafuta kikopo cha miujiza. Ngozi zetu tunazizeesha wenyewe kwa mazoea, na mazoea mengine tumeyarithi kutoka kwa watu tunaowapenda.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna vistari vidogo vidogo vya ukavu. Hivyo unaweza kuvijua: usiku jipake mafuta vizuri, asubuhi jitazame. Vikipungua, ulikuwa ukavu tu na dawa yake nyepesi. Na kuna makunyanzi yenyewe, yale yaliyoshuka ndani ya ngozi. Hayo kwa mafuta hayaondoki, unaweza kuyapunguzia mwendo tu. Anayekuuzia krimu huwa anakuonyesha vile vya kwanza halafu anakuahidi ya pili.

Tuje kwenye hewa. Sib ipo ufukweni. Mwezi wa saba na wa nane ukitoka nje usiku unatota jasho kabla hujafika kwenye gari. Ukavu wa nje unakuja upepo wa gharbi ukivuma kutoka jangwani, na siku hizo kweli midomo inapasuka. Lakini siku nyengine ukavu tumeutia ndani wenyewe kwa AC. Tunalala nayo, tunafanya kazi nayo, tunaendesha gari nayo imetuelekea usoni. AC huvuta unyevu hewani, kisha hewa ile kavu ikawa inatupuliza masaa ishirini kwa siku. Sisemi tuizime, kwa joto hili hapana. Nasema igeuze isikupige usoni, na usilale chini yake bila ya kujipaka kitu.

Halafu maji. Wanaokaa huku wanajua kuwa kiangazi bomba la baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu tangi lipo juu ya paa linachomwa na jua. Wengi tunafanya hila: tunazima hita, maji yaliyokaa ndani yake yanapoa, ukitaka ya baridi unafungua bomba la moto. Hila nzuri, ifanyeni. Na wakati wa baridi msijilipizie kwa kuoga maji ya kuunguza nusu saa. Maji ya moto na sabuni kali huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, yanatosha.

Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa akioga kwa kata, anajifuta nusu nusu, kisha anajipaka mafuta ya nazi mwili ukiwa bado mbichi. Sisi wajukuu tulimcheka kwa kunuka nazi. Kumbe alikuwa sahihi. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasitoke, kwa hiyo ukijipaka ukiwa mkavu umeshachelewa. Ila kwa uso nawatahadharisha wenye chunusi, mafuta ya nazi huziba vitundu. Wao watafute krimu isiyo na manukato. Na udi na manukato ya spirti tufukize na tupulize kwenye nguo, shingoni tuache.

Lakini bibi tusimfanye ushahidi wa kila kitu. Wengine wanasema, "Mbona bibi zetu hawakupaka krimu ya jua?" Bibi hakuendesha gari Barabara ya Sultan Qaboos saa nane na nusu mchana. Saa hiyo alikuwa kivulini, uani kwake, anachambua mchele. Kivuli ndiyo krimu yake ya jua. Sie hatuna kivuli kile, basi tupake. Na msiniambie sisi weusi hatuhitaji. Weusi wetu ni kinga, alhamdulillahi, na ndiyo maana wengi wetu tunakunjamana baadaye kuliko wazungu. Lakini ni kinga pungufu, si ukuta. Huko Nambour, Australia, walifuatilia watu 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Waliotakiwa kupaka krimu ya jua kila siku, ngozi ya mgongo wa mkono ilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wakijisikia. Matokeo yalitoka 2013. Wale wengi wao ni weupe, hesabu yetu inaweza isiwe ile ile, lakini jua ni hilo hilo na la kwetu halina huruma. Abaya na mtandio vinatusaidia sana. Uso na mikono vinabaki nje, na angalia, ndipo tunapozeeka mwanzo.

Chakula nacho. Hapa nitawaudhi wale wa "kunywa maji lita nne ngozi ing'ae". Maji kunyweni, joto la huku linaua. Lakini mwili ukishatosheka, glasi ya ziada inakwenda chooni, haiendi shavuni. Chakula kinafanya kazi polepole. Ngozi inashikiliwa na kolajeni, na mwili hauwezi kuitengeneza kolajeni bila ya vitamini C. Mapera, machungwa, embe, pilipili hoho, ndimu ya kukamulia kwenye samaki, vyote tunavyo. Pera moja linalishinda chungwa. Samaki wa mafuta, vibua na dagaa, soko la samaki la Sib wamejaa na bei yao haifanani na ya nguru, lakini sie tukiwa na mgeni tunaona haya kuwapika. Bibi alikula hao, na mchicha, na kunde, na muhogo, na tunda la msimu.

Sisi tumeacha hivyo tumeingia kwenye karaki. Karaki moja asubuhi, ya pili kazini, ya tatu usiku ndani ya gari mbele ya mkahawa, kila moja na maziwa ya kopo na sukari yake. Halafu soda. Sukari ikizidi kwenye damu hujishika na kolajeni, ikawa ngumu, haivutiki. Mie karaki sijaacha, nisiwadanganye. Nimebaki na moja. Na kina kaka na kina dada wa shisha: moshi ni katika vitu vinavyokunja ngozi kwa haraka, na kutia ladha ya tufaha hakuupunguzii kitu.

Sasa nifike pale ambapo kipindini tulipita mbio mbio.

Mama yangu mdogo alikuja Maskati msichana, miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani walio nje warudi. Alikuja na Kiswahili, na Kiarabu chake watu walikicheka. Lugha akajifunza. Rangi haijifunziki, akaanza kununua. Vikopo vilikuja na wasafiri, vengine havina hata orodha ya vilivyomo. Zaidi ya miaka kumi alipaka usoni na mikononi. Nakumbuka harusi moja wanamsifu, "mashaallah umetakata", na yeye anatabasamu. Sijawahi kumuona amefurahi vile.

Leo ana miaka sitini na kitu. Mikono yake ni karatasi. Akigonga kwenye meza anapata baka la damu. Chini ya macho pana mabaka meusi kuliko rangi aliyoikimbia. Daktari wa ngozi alimweleza: krimu nyingi za aina ile zina steroidi kali, ambazo zikitumika muda mrefu huipunguza ngozi unene mpaka mishipa ikaonekana. Nyengine zina haidrokwinoni nyingi, na ndiyo inayoweza kuleta mabaka yale. Nyengine zina zebaki, inayoharibu figo, hata Mkataba wa Minamata wa 2013 uliiwekea marufuku kwenye vipodozi. Kwa ufupi, Mungu alimpa mwavuli, naye akalipa pesa auvue, kwenye nchi ya jua kama hili.

Simlaumu. Alitaka asiulizwe tena, "wewe ni wa wapi?" Mie swali hilo nimeulizwa hapa hapa Sib, nchi niliyozaliwa, najua linavyouma. Ila kabla ya Idi binti yangu, ana miaka 11, kanijia na simu mkononi. "Mama, nataka krimu hii ya kung'arisha." Nikamuuliza nani kakwambia unahitaji? Akasema, "Hakuna, lakini wenzangu wote wananiambia ingenipendeza." Wallahi sikulala. Mimi nilikuwa naomboleza mistari mitatu ya shavuni, na mtoto wangu tayari yuko mlangoni mwa duka lile lile alilopita khaloo wake.

Kwa hiyo mkiniuliza nipake nini, naanza na usichopaka. Kwa jamaa zetu, dawa kubwa ya makunyanzi ya mapema ni kuacha kuitamani rangi nyengine. Kikopo kisichoandikwa kilichomo usikipake hata kama kaleta shangazi. Na aliyekwisha kuzoea krimu kali asiitupe ghafla, ngozi inaweza kulipuka ikawaka moto. Aende kwa daktari wa ngozi na kikopo chake mkononi, hakuna aibu. Na mwenye ukavu usiosikia mafuta, apime sukari na tezi ya shingo, maana wakati mwengine ngozi inatoa habari ya ndani.

Yangu mie yamebaki machache. Maji ya vuguvugu, mafuta mwili ukiwa mbichi. Krimu ya jua iliyoandikwa SPF 30, asubuhi, na narudia saa nane kabla sijaingia garini, uso, shingo na migongo ya mikono. AC imegeuzwa. Vibua mara mbili kwa wiki, hata mgeni akija. Karaki moja. Mistari ya kushoto haijaondoka na sitarajii iondoke. Haijaongezeka, hilo linanitosha.

Binti yangu nilimpeleka kwa mama yangu mdogo. Sikusema kitu mie. Yeye mwenyewe alimshika mkono, akauweka juu ya wake, akamwambia, "Tazama vizuri. Wako ndio nilikuwa nao."

Krimu haijaulizwa tena nyumbani kwetu. Juzi ameniomba ya jua.