Nyumba Kongwe za Kitale na Bungoma: Zigeuzwe Afisi, Zisibomolewe

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miji ya Kitale na Bungoma, methali hii imekuwa na maana mbili, ya fumbo na ya wazi. Nyumba zilizojengwa enzi ya ukoloni zinazeeka, na kila mwenye ploti huona njia mbili tu: kubomoa au kuacha zioze. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuzigeuza afisi bila ya kuzipotezea sura.

Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mji ukakua kama kitovu cha mashamba ya walowezi. Kwa kuwa Kitale ina baridi ya nyanda za juu, nyumba zao zilikuwa na meko na bomba la moshi, paa la mabati lenye mwinamo mkali, na baraza pana mbele. Bungoma, iliyo kando ya njia ya reli iendayo Uganda, ilifahamika zaidi kwa maduka ya Wahindi: biashara mbele, makao nyuma, na baraza yenye nguzo ya kumkinga mteja na mvua.

Nyumba ya namna hii inapofanywa afisi, hujeruhiwa na pupa. Baraza huzibwa ili kupata chumba kimoja zaidi. Sebule hukatwa kwa mbao katikati ya dirisha. Ukuta wa mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa hupigwa lipu ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, na mawe yakaanza kumeguka. Uingereza ina nyumba nyingi za mjini zilizojengwa kati ya 1714 na 1830, walipotawala wafalme wanne mfululizo walioitwa George. Uzuri wake ni ulinganifu wa madirisha na vyumba. Nyingi zimekuwa afisi, na zinazopendeza ni zile ambazo mpangaji aliukubali mpango wa nyumba badala ya kupigana nao.

Mifano haiko ng'ambo pekee. Mombasa, Mahakama ya Kale iliyojengwa mwaka wa 1902 imepewa kazi mpya chini ya Makavazi ya Taifa. Kitale yenyewe, makavazi aliyoanzisha mlowezi Hugh Stoneham mwaka wa 1926 yalikuwa mali ya mtu binafsi. Baada ya kifo chake mwaka wa 1966 yaligeuka kuwa ya umma, na mwaka wa 1974 yakafunguliwa katika jengo jipya.

Wapo watakaopinga kuwa majengo haya ni makovu ya dhuluma. Kweli, ardhi ilinyakuliwa, na mawe yalibebwa na Waafrika waliovishwa kipande shingoni. Lakini anayebomoa nyumba ya mlowezi hufuta pia alama ya mkono wa fundi aliyeijenga. Ushahidi ukivunjwa, mshtakiwa ndiye anayefaidika.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema. Neno 'baraza' lilianza kama kikalio cha mbele ya nyumba, likawa mkutano wa wazee, kisha likawa Baraza la Mawaziri. 'Boma' nalo lilitoka katika ua wa mifugo likawa makao ya serikali ya wilaya. Lugha iligeuza nyumba kuwa afisi pasipo kuibomoa maana ya kwanza. Basi inashangaza kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kueleza boriti, dari na daka za nyumba ya Lamu, ilhali nyumba ya Kitale anaieleza kwa Kiingereza.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa turathi na kulindwa. Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, zina mamlaka juu ya makavazi yao. Lililopungua ni maelezo: nyumba ipi, ya mwaka gani, ilijengwa kwa nini, nani alihamia. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuianza orodha hiyo, nyumba baada ya nyumba, kabla ya tingatinga kufika.